Mlango wa Mwalimu Rugemalira

Mimi, Najibu, ni fundi wa tovuti, si mganga. Mtu akinieleza habari za mizimu, namuuliza kwanza kama amezima simu akaiwasha upya. Ndivyo nilivyomuuliza Ma Klaudia aliponipigia kutoka Muleba kuniambia kwamba mlango kwenye ukurasa wa marehemu mumewe umefunguka tena.

Mumewe, Mwalimu Rugemalira, alifundisha hesabu sekondari hadi kustaafu, na alikuwa na alama zake mbili ambazo hazimo katika kitabu chochote. Moja ni nyumba ya msonge yenye mlango wazi, maana yake jambo bado halijathibitishwa. Nyingine ni msonge huohuo, mlango umefungwa. Hapo jambo limethibitishwa, kalamu chini.

Alipofariki, mjane alitaka masomo yake yawekwe mtandaoni vilevile alivyoyaandika. Alama hizo hazimo kwenye kompyuta yoyote, kwa hiyo nilizichora mwenyewe. Unachora umbo, unalitia kwenye fonti, unalipatia namba ambayo herufi nyingine haijaichukua. Ukurasa ukiita namba hiyo, umbo linatokea. Namba moja, umbo moja. Naipenda kazi hii kwa sababu haina maneno mengi.

Shida ilikuwa somo la mwisho. Mwalimu alikuwa akitafuta njia fupi ya kuthibitisha jambo fulani kuhusu namba tasa, njia ambayo mtoto wa kidato cha pili angeifuata, akafa hajaimaliza. Aliacha mlango wazi. Ma Klaudia aliniomba niufunge.

"Najibu, mwana wange, mtu halali mlango ukiwa wazi," aliniambia. "Tangu tumzike hapo kibanjani, kwenye migomba yetu, kila mchana nasikia chaki kwenye ubao wake barazani. Mfungie apumzike."

Nikaufunga, yaani nikaweka namba ya msonge uliofungwa. Kesho yake ulikuwa wazi. Nikaufunga tena, nikabadilisha nywila, nikatukana kimoyomoyo kila mtu niliyemshuku. Ukafunguka. Husemwa asiyekuwepo na lake halipo, lakini huyu lake lilikuwepo, tena kwenye ukurasa wangu. Nikachukua kompyuta, nikapanda basi la Muleba nikiwa nimenuna.

Ma Klaudia alinikaribisha kwa akamwani, buni kavu za kahawa, tukazitafuna barazani. Ubao wa Mwalimu ulikuwa bado umepigiliwa ukutani, na mistari yake ya mwisho juu yake. Binti yao Agnetha, aliyesoma hesabu chuo kikuu kwa ajili ya baba yake, alikuwa akimenya ndizi, mgongo kauelekeza ubaoni. Mama yake alisema hajaushika ubao ule tangu msiba.

Nilifungua ukurasa. Kwenye maandishi ya ndani, namba ilikuwa ya mlango uliofungwa. Niliisoma kwa sauti ili nisijidanganye. Kwenye kioo cha kompyuta, mlango ulikuwa wazi.

Kisha nikasikia chaki. Mkwaruzo mfupi, kimya, mkwaruzo tena, kama mtu anayegonga ubao kuamsha darasa. Hapakuwa na mtu pale ubaoni. Vumbi jeupe lilidondoka chini ya ubao. Niliogopa, na sioni haya kusema niliogopa.

Agnetha aliweka kisu chini. "Ni tata," alisema, yaani baba yake. "Ananiita."

"Anakuitia nini?" mama yake aliuliza.

"Tulikuwa tunaandika kwa zamu. Mstari wake, mstari wangu. Huu wa mwisho ni wake, Mama. Zamu ni yangu."

"Basi andika kama unaweza."

"Naweza. Mstari wenyewe naujua tangu siku ya mazishi." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti haikutetereka. "Nikiuandika ataondoka."

Ma Klaudia alimgeukia mwanawe. Nilidhani atamgombeza. "Kwa hiyo ni wewe umemweka hapa amesimama," alisema. "Alikuwa mzee, Agnetha. Miguu ilikuwa inamuuma."

Agnetha aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua kipande cha chaki. Aliandika mstari mmoja. Mimi si mwanahesabu, lakini hata mimi niliuona ulivyoshikana na wa juu yake, nikafurahi kama mjinga.

Kwenye kioo mlango ulifungwa. Sikuwa nimegusa kitu.

Tulisubiri. Baraza likatulia, kukabaki kuku kibanjani na lori likipita barabarani. Agnetha alikaa chini pale pale, akalia kwa sauti, kilio ambacho naambiwa hakumlilia baba yake siku ya kumzika. Ma Klaudia hakulia. Alikuwa ametega sikio kuelekea ubaoni, na kadiri kimya kilivyoendelea ndivyo uso wake ulivyobadilika, mpaka nikashindwa kuutazama.

"Najibu," alisema taratibu. "Ufungue kidogo, nimsikie."

Niliweka namba ya mlango ulio wazi, mbele ya macho yake. Nikaiweka tena. Kwenye kioo ulibaki umefungwa, naye akaendelea kuniambia nijaribu.