Mkwe Nyuma ya Ukuta

Mume wangu Amandu hajawahi kukutana na kompyuta akanyamaza. Ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta hapa Arua, karibu na soko, na mteja akimletea mashine iliyokufa huanza kwa kuigombeza kama mtoto mtukutu, ndipo atafute bisibisi. Kwa hiyo siku niliporudi nyumbani na kompyuta ya zamani, ambayo bosi wangu wa duka la vifaa vya ujenzi alichoka kuiona juu ya kabati, sikupata nafasi hata ya kuvua viatu. Aliichukua, akaifungua mgongo, akaipuliza vumbi, akasema mashine ni nzima, ila mfumo uliomo umeizidi nguvu.

Nikamwambia hiyo si ya kuchezea. Ni ya mama.

Mama yangu Viktoria anakaa Lobule, upande wa Koboko, na tangu mimi niko tumboni amekuwa msomaji wa kikanisa chetu. Jumapili husimama mbele akasoma somo kwa Kikakwa, polepole, sauti imenyooka, na hata waliolala hoi kwa pombe ya jana yake huinua vichwa. Sasa macho yanamwacha. Daktari alisema miwani haisaidii tena, dawa ni upasuaji, na upasuaji lazima ungoje sukari ishuke. Mwezi uliopita aliruka mistari katikati ya somo, akajua ameruka, akarudi nyuma, akapotea kabisa. Katekista Obitre, ambaye ni mtu mpole, alimfuata baadaye akamwambia apumzike, kuna msichana anaweza kusoma. Mama alimshukuru. Kisha akanipigia simu, na tangu msiba wa baba sikuwa nimemsikia akilia namna ile.

Tulishajaribu kumchapia kwa herufi kubwa. Somo moja lilikula rundo la karatasi, upepo wa dirishani ukazitawanya mpaka chini ya viti vya wanakwaya. Ndipo nikawaza kwamba kioo cha kompyuta kinaweza kukuza herufi bila karatasi, nikamsihi Obitre ampe mama Jumapili moja zaidi. Alikubali, lakini akaniambia wazi kwamba mambo yakiharibika tena, msichana ataanza na haitakuwa vizuri kumtoa mama na kumrudisha tena mbele ya watu.

Amandu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kazi hiyo ni ndogo. Aliniambia kuna mifumo ya bure, huria, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua ndani akairekebisha, na yote inaitwa Linux, lakini imezaana sana kama ukoo, na kazi ni kuchagua mtoto anayemfaa mtu. Akaijaza kwenye flashi zake. Akanionyesha kwamba unaweza kuchomeka flashi ukautumia mfumo bila kugusa chochote kilichomo kwenye mashine, kama kuonja mboga kabla ya kupakua. Nikaonja kadhaa. Uliokaa vizuri moyoni mwangu ni ule unaoitwa Mint. Kitufe chake kiko chini pembeni, kila kitu kiko mahali ambapo mkono unakwenda wenyewe.

Amandu alibetua mdomo. Alisema huo ni wa wavivu. Yeye alikuwa na wake mwingine, jina limenitoka, mwepesi mno, hauli betri, skrini tupu kabisa bila kitufe hata kimoja. Nikamuuliza ni wa nani huo. Akasema ni wa mtu anayeanza. Nikamuuliza anayeanza nini, kurusha ndege? Akauweka ule wake moja kwa moja. Mimi nikaitia flashi ya Mint kwenye mkoba wangu, chini ya kitambaa, wala sikumwambia.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Amandu, kwa ujuzi wake wote, alilisahau. Mama yangu ni wa mila. Kwake mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai pamoja, hawapeani kitu mkononi, hawali mbele ya macho ya mwenzake. Wengine siku hizi wameacha. Mama hajaacha, na Amandu mwenyewe, ambaye kwao ni Ajia na alilelewa vilevile, hathubutu. Tangu anioe, mama na yeye wanazungumza kupitia kwangu. Na kwa kuwa yeye ni Mlugbara na mama ni Mkakwa, wanazungumza kwa Kiswahili, mimi katikati kama redio. Sasa mtu huyo, ambaye hajawahi kumfundisha mteja bila kumnyang'anya mausi, alikuwa anakwenda kumfundisha mama kompyuta asiyoweza kuigusa wala kuiona.

Tulifika Lobule Jumamosi asubuhi. Mama alikaa ndani mezani, mimi nikasimama nyuma yake, Amandu akaketi nje barazani, mgongo kwenye ukuta, chini ya dirisha. Ukuta ule wa tope hauzuii sauti. Mama alikuwa anamsikia vizuri kabisa, na yeye alikuwa anamsikia mama, lakini kila mmoja alingoja nirudie.

Nikawasha. Skrini ikawaka nyeusi, tupu, kama alivyoisifu.

"Ambia mama abonyeze mausi mkono ya kuume," Amandu akasema, "pale mahali hakuna kitu."

Nikarudia. Mama akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akaisogeza mausi huku, akaisogeza kule.

"Sandra," akasema, "kwa mimi, mahali yote hakuna kitu."

Sijui kama Amandu alielewa mara moja, mimi nilielewa. Tuliendelea kwa muda. Alisema pale juu, mama akauliza juu wapi. Alisema ile alama ndogo, mama akauliza ndogo namna gani. Somo nililokuwa nimelichapa humo lilifunguka mara moja, herufi kama chungu waliojipanga, likafungika lenyewe, halikuonekana tena. Nilianza kupandisha sauti, kwanza kwa Amandu, halafu, Mungu anisamehe, kwa mama. Mama akashusha kifuniko cha kompyuta taratibu, kama mtu anavyofunika chakula.

"Imetosha," akasema. "Hii kitu si ya mimi. Hiyo msichana asome tu."

Nikatoka nje na kompyuta kwapani. Nilikuwa na maneno ya kutosha kumpasha Amandu mpaka jioni, lakini nilipomwona niliyaacha. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, shati limemganda mgongoni. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba pale kibandani yeye huona kila kitu ni rahisi kwa sababu ni yeye anayefanya. Hajawahi kufikiria mfumo ambao lazima uusimulie. Nikafungua mkoba, nikamwekea flashi kwenye kiganja. Aliitazama, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka kidogo.

Akauwasha Mint palepale barazani. Nilimsimamia kama askari. Nilimwambia somo likae peke yake mbele, bila kitu kingine. Nilimwambia aondoe neno la siri, kwa sababu mama hataweza kuchapa vitu asivyoviona. Alisema bila neno la siri mtu anaweza kuingia. Nikamuuliza nani, mbuzi? Akaliondoa. Kisha akatafuta kwenye mipangilio jambo moja la watu wenye macho dhaifu, akaliwasha, akaitua kompyuta juu ya kigoda mlangoni, akarudi nyuma ya ukuta. Mimi nikaiingiza ndani na kumwomba mama ajaribu mara moja tu, kwa ajili yangu.

"Ambia mama ashike ile Alt," ikasema sauti ya dirishani. "Iko chini, jirani ya ile kitufe mrefu. Mimi nimebandika karatasi nyeupe juu yake. Ashike, halafu azungushe gurudumu ya mausi."

Nikarudia.

"Mimi nasikia," mama akasema. "Mimi si kiziwi, macho tu ndiyo iko mbaya."

Akapapasa, akaipata karatasi. Akashika, akazungusha. Skrini nzima ikaanza kumjia, maneno yakanenepa, yakajaa kioo, mpaka neno moja likawa kubwa kama kiberiti. Mama akarudisha shingo nyuma. Akalitaja lile neno. Akasogeza mausi, akataja la pili. Halafu akauunga mstari, akaenda mstari uliofuata, na sauti yake ile ya Jumapili ikatoka yenyewe, imenyooka, ikajaza chumba. Alisoma somo lote. Mimi nilikaa kitandani nikamsikiliza.

Alipomaliza aliuliza kama ile mashine itakumbuka kesho. Amandu, bila kungoja nirudie, alikwisha kunyoosha mkono mlangoni kuiomba, maana mfumo wa kwenye flashi husahau kila kitu ukizimwa. Mchana kutwa alikaa barazani akiufuta mfumo wake mpendwa na kuuweka ule wa wavivu. Sikumtania sana. Nilimtania kiasi.

Jumapili kikanisa kilijaa. Kompyuta iliwekwa juu ya mimbari kabla ya ibada, imewashwa, somo limefunguliwa, herufi zimeshanenepeshwa, na watu wote waliingia wakiitazama. Obitre alikaa pembeni na kitabu cha masomo mapajani, kidole kimetiwa kwenye ukurasa. Yule msichana alikuwa mstari wa mbele. Amandu alikaa upande wa wanaume, benchi la mwisho, mbali na mama kadiri nyumba ile ilivyoruhusu.

Ndipo Obitre akasimama kutoa matangazo. Kulikuwa na ndoa ya kutangazwa, majembe ya jumuiya yaliyokuwa hayajarudishwa, tena akakumbuka jambo la paa. Aliongea mpaka watoto wakaanza kusukumana. Hatimaye akamwita mama. Mama akapanda, akashika mimbari kwa mikono miwili, akainamisha uso, akanyamaza.

Kutoka nilipokaa niliona kioo. Kilikuwa cheusi.

Niliona mkono wa mama ukisogea hewani usijue pa kwenda. Niliona Obitre akimtazama yule msichana, si kwa ubaya, kwa huruma tu, akaanza kuinuka na kile kitabu. Mimi ndiye mdomo wao, na mdomo wangu haukufunguka.

"Mama," sauti ya Amandu ikasema kutoka nyuma. "Imelala tu. Gusa popote."

Kikanisa kizima kiligeuka. Mkwe alikuwa amesimama, mikono nyuma, macho yake ameyaelekeza kwenye paa, kwa heshima, asimtazame. Mama hakugeuka. Alishusha mkono, akagusa. Skrini ikawaka. Haikuuliza neno lolote la siri. Herufi zilikuwa palepale alipoziacha, kubwa, nene, zikimngoja.

Akasoma. Alisoma polepole kuliko zamani, kila baada ya maneno machache mkono ukisogeza mausi. Katikati, pale alipopotea mwezi uliopita, nilishika benchi. Alipita. Alipofika mwisho akainua uso kama alivyozoea, akatamka maneno ya kufunga, na watu wakamwitikia kwa sauti ambayo sijaisikia hata Krismasi. Obitre akakifunga kile kitabu. Kabla ya wimbo alisema msomaji wa Jumapili ijayo ni Mama Viktoria, na akaongeza kwamba matangazo yatakuja baada ya somo. Watu wakacheka. Mimi nililia, na sikujificha.

Nyumbani mama alimpelekea Amandu chakula kupitia kwangu, kuku, kwenye ile sahani yenye maua anayoitoa kwa padri. Yeye alikula barazani, chini ya dirisha, sisi tukala ndani. Kwa muda ilikuwa sauti ya vijiko tu. Niliingoja lawama ya mama kuitwa na mkwe mbele ya watu, na nadhani Amandu aliingoja pia.

"Sandra," mama akasema. "Ambia mkwe wangu, mimi nimesoma yote. Hakuna mstari mimi nimeruka."

Nje kijiko kilinyamaza. Alikuwa amesikia kila neno, na mimi nilijua amesikia, na mama alijua. Siku nyingine ningesema, wewe si umesikia, usinichoshe. Lakini alikuwa anangoja. Nikasogea dirishani, nikamwambia neno kwa neno, kama mama alivyosema, nisipunguze hata moja.

"Ambia mama," akasema, "mimi nimesikia."

Nikageuka. Mama alikuwa ameweka mkono juu ya meza, uso ameuelekeza kwangu, anangoja.

Nikamwambia.