Shamba la Mstari wa Pili

Jumatatu asubuhi Belyse, katibu wa kampuni moja ya kujenga nyumba huko Ndera, pembezoni mwa Kigali, aliwasha kompyuta ya ofisi, akaiacha ijichagulie yenyewe mfumo wa kufungua huku yeye akitafuta kikombe chake. Alipoinua macho, nyumba zote mpya zilizokuwa nje ya dirisha zilikuwa zimeondoka. Mahali pake palikuwa na shamba la maharage. Belyse aliosha kikombe kwanza, kisha akampigia simu fundi.

Fundi alikuwa Jovina, mzaliwa wa Bukoba, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta pale njiapanda ya Sonatubes. Aliuliza kama kuna mtu amegusa kitu. Belyse akasema hakuna aliyegusa kitu. Huwa hakuna anayegusa kitu, Jovina alilijua hilo tangu alipoanza kazi. Akatia begini flashi yake na diski ya nje iliyokuwa tupu, akapanda pikipiki.

Tatizo lenyewe halikuwa geni. Kompyuta ile ilikuwa na mifumo miwili. Wa zamani ulikuwa umebakizwa kwa sababu mashine ya kuchapia ramani haikuelewana na mfumo mwingine. Mfumo mpya uliwekwa kando yake na fundi aitwaye Silvère, ambaye baadaye alihamia Musanze na hapokei simu. Kila kompyuta ilipowashwa ilileta menyu nyeusi yenye mistari miwili, na kama hakuna aliyebonyeza, iliufungua mfumo mpya. Sasa, baada ya sasisho lililokwama katikati mwishoni mwa wiki, ilikuwa ikiufungua wa zamani. Mfumo mpya ukifunguka, nje kulikuwa na nyumba. Wa zamani ukifunguka, kulikuwa na maharage. Menyu ikiwa bado kwenye kioo, hakukuwa na kitu ila udongo mtupu, na wakazi waliokwisha kuhamia walikuwa wamezoea kunywa chai ya asubuhi wakiwa wamesimama.

Mkurugenzi, Bwana Kamanzi, mtu mpole aliyekulia Uganda, alimpokea Jovina mlangoni. Alisema wakazi wanalalamika. Mwalimu mmoja alikuwa ameketi kitandani mwake katikati ya matuta, miguu yake imejaa tope, akitaka kujua nyumba yake itarudi saa ngapi. Mchana wanunuzi wapya wangekuja kutazama. Mashine ya ramani ilishanunuliwa nyingine, kwa hiyo mfumo wa zamani haukuwa na kazi tena: Jovina aufute, na mpya ausimike upya kwenye diski nzima. Akimaliza vizuri, kompyuta zote za kampuni zitakuwa chini yake. Mteja wa namna hiyo haji Sonatubes kila siku, na Jovina alifurahi, tusifiche.

Akachomeka flashi, akaanza. Kompyuta ikasema sehemu ile ya diski haifutiki kwa kuwa inatumika. Akahamishia flashi kwenye tundu jingine. Akaingia kwenye mipangilio ya ndani, akazima uwashaji wa haraka, akaanza tena. Sehemu inatumika. Akafunga kila alichoweza kukifunga, na shamba likabaki palepale nje.

"Ni yule mukecuru," Belyse alisema, akionyesha dirishani kwa kidevu.

Mwanamke mzee alikuwa akipalilia. Jembe lake liliposhuka, usimikaji ulisimama. Aliponyoosha mgongo kujifuta jasho, asilimia zilisogea kidogo, kisha akainama tena nazo zikasimama. Upande wa pili wa shamba mwanamume mwenye kofia ya majani alikuwa akifanya vilevile.

Belyse alieleza bila kuacha kupanga karatasi. Mwanamke anaitwa Kabagwira na siku hizi anaishi kwa binti yake, mtaa wa Niboye. Shamba lilikuwa lake. Mwaka alioutumia hospitalini kumuuguza mumewe, mawe ya mipaka yalihamishwa, na alipotoka kumzika alikuta msingi wa nyumba ya kwanza umekwisha kuchimbwa. Hakuuza, hakuulizwa. Hilo lilijulikana ofisini, na Kamanzi mwenyewe husema lilifanyika kabla yake. Yule mwenye kofia ndiye mumewe, Damascène. Kifua ndicho kilichomuua, lakini katika mfumo wa zamani alikuwa bado hajaugua. Kabagwira alisikia kwa majirani kwamba shamba limerudi, akaja na basi la kwanza, jembe limefungwa kwenye kitenge.

Kamanzi aliangalia saa, akamwomba Jovina akaongee naye kama mwanamke kwa mwanamke.

Shambani kulinuka udongo uliolowa. Maharage yalikuwa yanakaribia kukomaa, maganda yameanza kugeuka njano. Jovina alisalimia kwa heshima, akasema kuna kazi ndogo kwenye kompyuta na anaomba watoke kidogo.

"Damascène hawezi kutoka," Kabagwira alisema. "Yeye iko hapa tu."

"Basi apumzike. Asishike jembe."

Mama yule aliegemea mpini wa jembe. "Tukiacha kurima, shamba itabaki?"

Jovina alimjibu anavyowajibu wote wanaoleta kompyuta zao na kuuliza kama picha zao zitapona. "Nitalihifadhi kwanza, mama."

"Na yeye?"

"Na vyote vilivyomo."

Hakuwa akidanganya wakati huo. Diski tupu ilikuwa begini, na fundi yeyote anayejiheshimu hafuti kabla ya kunakili. Kabagwira alivuka matuta, akamwambia mumewe kwa Kinyarwanda apumzike kidogo, anarudi sasa hivi. Damascène aliweka jembe chini, akajilaza kwenye nyasi za ukingoni, akajifunika uso kwa kofia. Alikuwa amechoka, na alilala upesi.

Kabagwira aliketi kwenye kiti cha wateja, jembe katikati ya magoti. Belyse alimletea maji. Jovina alichomeka diski, akaamuru kompyuta inakili, nayo ikapiga hesabu ikasema itamaliza jioni. Kamanzi alisoma juu ya bega lake. Wanunuzi walikuwa wamepiga simu, wameshafika kwenye kona ya lami. Hakumwamuru jambo lolote. Alisema tu kwamba anamwachia yeye, maana yeye ndiye fundi.

Jovina alichomoa diski. Aliogopa kumpoteza mteja, hakuna sababu nyingine na wala hakuitafuta. Akabonyeza kufuta.

Safari hii kazi haikukwama. Asilimia zilipanda moja baada ya nyingine hadi mwisho, kompyuta ikajizima na kujiwasha, na nyumba zikasimama nje na mabati yake ya bluu, mwalimu akiwa ndani ya yake akifuta miguu. Wanunuzi waliteremka garini wakasifu mandhari.

Kabagwira aligeukia dirisha, akatazama sana. "Umehifadhi?" aliuliza.

Jovina alisema linashughulikiwa.

Kitu kimoja hakikutoka. Menyu ilibaki na mstari wa pili. Jovina aliufuta siku hiyo, akaufuta wiki iliyofuata, na kila kompyuta ilipowashwa ulikuwepo chini ya ule wa kwanza, jina bila kitu nyuma yake. Kamanzi alisema basi uachwe, hausumbui mtu.

Sasa Kabagwira huja kila asubuhi na jembe lake, huketi kwenye kiti kilekile, na wateja wameshajua kumzunguka. Humwomba Belyse achague mstari wa pili, naye Belyse huuchagua, kwa kuwa ni adabu kumsikiliza mzee. Kompyuta husema hakuna mfumo uliopatikana. Nje huwa udongo mtupu, bila nyumba wala maharage, na wakazi husimama juu yake na vikombe vyao wakisubiri. Kabagwira hutafuta kwa macho mahali palipokuwa na nyasi za ukingoni. Kisha Belyse humwambia ihangane, neno ambalo watu wa Kigali humwambia aliyefiwa na aliyeachwa na basi vilevile, na huchagua mstari wa kwanza.

Jovina ndiye anayehudumia kompyuta zote za kampuni. Ile diski bado anatembea nayo begini, na hajahifadhi kitu ndani yake, ingawa mara nyingi huihitaji. Mwezi uliopita alikuja kubadilisha waya uliopita chini ya kiti cha wateja. Kabagwira alimtambua.

"Mwanangu, umekuja kuiwasha?"

"Bado kidogo, mama."

"Ameshalala sana," Kabagwira alisema. "Ataamka na njaa."

Kisha akainua miguu, mmoja na wa pili, ili Jovina aweze kupitisha waya.