Chipu Kumi na Sita

Maalem Bouazza, yaani fundi bingwa kwa lugha ya huko, alikuwa na dole gumba lenye kiburi kuliko yeye mwenyewe. Miaka arobaini katika soko la Derb Ghallef, Casablanca, alianza na redio, akaja televisheni, akaishia kompyuta, na hakuwahi kufungua kitabu cha maelekezo. Alikuwa akipapasa pengo la kipande cha RAM, kumbukumbu ya kompyuta, kwa dole hilo, anakilinganisha na nafasi yake kwenye bodi ya ndani, basi. "Kikiingia, kinafanya kazi," ndiyo iliyokuwa sheria yake, na soko zima liliijua.

Asubuhi ile sheria iligoma.

Kompyuta ilikuwa ya Lalla Tamou, yaani Bi Tamou, mama wa makamo mwenye karakana ya kutarizi kaftani za maharusi. Ilikuwa kuukuu, lakini mashine yake ya kutarizi ilielewana na hiyo tu. Kompyuta mpya hazina tundu la kuchomekea waya wake. Michoro ya siku hizi ni mizito, na kila akifungua mmoja kompyuta inaganda. Alitaka iongezewe kumbukumbu. Isipowezekana, mashine ingeuzwa kama chuma chakavu, na wanawake tisa waliopata riziki kwayo wangerudi kukaa nyumbani.

Bouazza akachomeka vipande viwili vipya vya RAM. Viliingia vizuri kabisa. Kompyuta ikalia mara tatu, kioo kikabaki cheusi. Akavitoa, akavifuta, akavirudisha. Milio mitatu tena. Akaweka vile vya zamani, ikawaka bila shida.

"Bodi imezeeka, Lalla," alisema. "Haipokei tena kitu kipya. Imefika mwisho wake."

Akafungua kalamu ya wino mwekundu. Katika soko lile, Maalem akishachora alama ya mkasi kwenye kasha la kompyuta, hakuna kibanda kingine kitakachoigusa. Lalla Tamou alilijua hilo. Alikaa kwenye stuli kwa uzito, mkoba mapajani.

Ghizlane, bintiye Bouazza, alikuwa benchi la nyuma akilehemu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na sita kati ya hiyo aliitumia kwenye benchi lile la nyuma, kwa sababu la mbele lilikuwa na mwenyewe. Akaja, akaweka kiganja juu ya kasha, palepale kalamu ilipokuwa inashukia.

"Baba, subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

"Nimesoma namba ya bodi, nikatafuta kitabu chake. Hebu hesabu chipu za kipande kimoja."

Lahbib, jirani wa kibanda cha pili, mwuza chaja mwenye masikio marefu kuliko waya zake, akasogea. "Leo Maalem anarudishwa darasani," alisema.

Damu ilimpanda Bouazza usoni. Kusahihishwa na binti, mbele ya mteja, na Lahbib akiwa shahidi. Angeweza kumwambia arudi benchi lake, na angetii. Lakini aliona kile kiganja juu ya kasha hakitetemeki. Akavaa miwani, akahesabu.

"Nane. Upande mmoja tu."

"Bodi hii inataka kumi na sita kwa kila kipande, nane upande huu, nane upande ule," Ghizlane alisema, kisha akamgeukia mteja. "Ni kama mchukuzi mzee, Lalla. Mpe unga kwenye magunia manane makubwa, hawezi hata kuyanyanyua. Mpe unga uleule kwenye mifuko midogo kumi na sita, ataufikisha wote. Bodi yako haiumwi. Imetwishwa magunia."

"Na ukiwa umekosea?" Bouazza aliuliza, sauti imeshuka.

"Utachora alama yako, nami nitakaa nyuma nisiseme tena."

Moyo wa mzee ulishtuka, maana alijua binti huyu akiahidi hutimiza. Ghafla hakutaka kabisa kushinda.

Ghizlane alizunguka vibanda vitatu akifukua masanduku ya vitu vilivyotupwa, akarudi na vipande viwili vyenye vumbi, kila kimoja chipu kumi na sita, uwezo wake uleule. Bouazza akasogea kando ya benchi la mbele, akampisha.

"Weka mwenyewe."

Akaviweka. Mlio mmoja, mfupi. Kioo kikawaka, na kumbukumbu yote ikahesabika. Lalla Tamou akachomeka flashi yake, akafungua mchoro uliomsumbua wiki nzima: maua ya komamanga, kutoka shingoni mwa kaftani hadi kiunoni. Ukafunguka wote. Mama yule alipiga kigelegele kilichowatoa watu vibandani, akambusu Ghizlane kichwani mara mbili.

Lahbib alikuwa ameshafungua kinywa aitangaze habari, lakini alichelewa. Bouazza alishatoka. Alipita kibanda hadi kibanda akisimulia jinsi alivyokosea, tena akinogesha: milio mitatu ikawa mitano, alama ikawa imeshachorwa nusu. Kufikia alasiri hapakuwa na fundi asiyejua kwamba Maalem Bouazza ameangushwa na chipu nane.

Mkahawani, kwenye chai ya nanaa, Lahbib alishindwa kuvumilia. "Mzee, huoni haya? Miaka arobaini hujakosea, leo unajitangaza mwenyewe?"

"Nani kakwambia sijakosea?" Bouazza alisema. "Nimekosea sana, Lahbib. Mungu anajua mashine ngapi nimezizika zikiwa hai. Sikuwa na mtu wa kuniona. Sasa ninaye, na nimemzaa mimi."