Pipa la Nyuma ya Mashine

Watu wa Bunju wanaosaga kwetu huujua moshi wa mashine yetu kabla hawajaliona paa. Unanukia chipsi. Wakija na ndoo zao za mahindi hutania, "Mudathir, leo mnasaga na mayai au kavu?" Mume wangu hucheka na kuendelea kumimina.

Dizeli tunaipika wenyewe. Mudathir alijifunza kwa fundi mmoja wa Kibamba wakati dizeli ya sheli ilipokuwa inakula faida yote ya mashine. Mie nilikuwa nazunguka kwa wauza chipsi kukusanya mafuta yaliyochoka, nayachuja kwa kipande cha kanga, nayamimina kwenye pipa lililo juu ya mafiga. Yakishapata joto, Mudathir anajifunga kitambaa usoni, anachanganya spiriti kali na kostiki, yale magadi makali wanayotumia watengeneza sabuni, anaimimina humo taratibu. Kisha mie nakoroga. Tukiyaacha yatulie, asubuhi juu kunakuwa na dizeli ya rangi ya chai nyepesi, na chini kuna uchafu mzito mweusi.

Mie si mtu wa mbele. Mbele kuna wateja, kelele na maneno. Mahali pangu palikuwa nyuma, kati ya ukuta wa mashine na ua wa makuti. Mudathir mbele ya watu ni mcheshi, lakini huko nyuma ndiko alikokuwa ananiambia mambo yake ya kweli: kwamba anaogopa injini itakufa, kwamba mama yake aliwahi kumwambia hatafika popote. Nilikuwa nakoroga namsikiliza. Hakuna mke mwingine niliyemjua aliyekuwa na pipa kama lile.

Halafu akaja Jenipher.

Jenipher ni mtu wa Ndanda, anauza chipsi na samaki karibu na kituo. Sauti yake inafika getini kabla yake. Siku hiyo hakunisubiri nikafuate mafuta, alikuja nayo mwenyewe kichwani, akapita moja kwa moja hadi nyuma.

"Kumbe hapa ndipo mnapopikia," akasema. "Shemeji, mbona mafuta yana maji haya? Huyasikii yanavyolia?"

Akajifunga kitenge vizuri, akasukuma kuni zote chini ya pipa hadi moto ukapanda. Mie nikaona ni kiherehere tu na kumaliza kuni za watu. Mafuta yalipoacha kutoa sauti akasema sasa tusubiri yapoe kidogo, ndipo Mudathir amimine dawa yake. Kisha akachukua mti wa kukorogea mkononi mwangu, kwa upole kabisa, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo.

"Pumzika mdogo wangu. Mie nimekulia kwenye sabuni za mama yangu."

Dizeli ile ilitoka safi. Mudathir aliiweka kwenye chupa akaiinua juani, akaigeuza geuza. Tangu siku hiyo akawa anawaambia wateja, "Hii ni dizeli ya Jeni, haina moshi." Mie nilipika dizeli ile tangu tulipoanza na haikuwahi kuitwa dizeli ya Chausiku.

Akawa anakuja kila tunapopika. Nilimpa chai kwenye kikombe kilichovunjika mkono, yeye akakishika kwa chini, akapuliza, akanywa, wala hakuona kitu. Aliyeona ni Mudathir. Alibadilisha, akampa cha kwake, yeye akanywea kile kibovu. Niliingia ndani nikakaa kitandani hadi nikawasikia wanacheka, nikatoka tena, maana kutokuwepo kulikuwa kubaya zaidi. Siku nyingine nilivaa dera langu la Idi kwenda kukoroga. Mudathir akanitazama nikadhani atasema neno.

"Utaliharibu hilo," akasema. Basi.

Jambo gumu ni kwamba Jenipher hakunifanyia ubaya. Alinibakizia samaki. Aliniita mdogo wangu na alikuwa anamaanisha. Ningepata hata tusi moja kwake ningelitunza kama dhahabu.

Mafuta ya chipsi yakaanza kuwa shida, kuna mtu alikuwa anapita na pikapu anayanunua yote. Jenipher akasema tusihangaike, atatuletea mafuta ya nyama. Akaanza kuleta ndoo. Kazi ya kuyayeyusha ikawa yangu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda nilirudi kwenye pipa langu. Lakini yale mafuta yalinishangaza. Ya ng'ombe nayajua, ukiyaacha yanakuwa magumu kama mshumaa. Haya yalikaa laini, kidole kinazama.

"Dada Jenipher," nikamuuliza, "huyu ng'ombe gani, mbona hagandi?"

Akanitazama, kisha akatazama upande wa mashine. "Shemeji hajakwambia?"

"Aniambie nini?"

"Ni ya kitimoto, mdogo wangu. Kaka yangu Gervas ana banda lake la kukaangia Tegeta, yanamwagwaga tu. Lakini mie nilimwambia mumeo tangu mwanzo. Nikamwambia shemeji, nyie dini yenu haitaki. Akasema hatuyali, inakula injini. Akasema tu wewe usijue, utakosa usingizi."

Nilitoa mikono kwenye ndoo. Nikaenda bombani nikanawa, nikarudia, nikasimama pale maji yakimwagika bure. Lakini kilichonikaa kooni hakikuwa nguruwe. Ni lile neno, wewe usijue. Walikaa wapi walipokuwa wanayasema hayo? Mie nilikuwa wapi, jikoni? Mudathir alikuwa na jambo la kweli la kumwambia mtu, na akamwambia yeye.

Sikumuuliza. Nililala naye kitanda kimoja nikingoja aseme, akakoroma.

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu. Umeme ulikuwa umekatika, mashine za jirani zimelala, yetu inaunguruma. Bi Tabu alikuwa wa mbele. Ni mzawa wa Bunju, watu wote pale wamemkuta, na alileta mchele wa kusaga kwa vitumbua vya hitima ya mumewe. Nilitoka kumletea kigoda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu kaa hapa. Huu moshi wenu leo umefanya nini? Haunukii chipsi. Unanukia nyama."

"Mafuta ya buchani, bibi," Mudathir akapaza sauti juu ya mashine.

"Bucha la nani?"

Mudathir akajifanya hakusikia. Jenipher alikuwa amesimama kando yake, amekuja na ndoo nyingine, na unga ulikuwa umemrukia begani. Mudathir, akiwa anatazama mahindi, bila hata kufikiri, akaupangusa ule unga kwa vidole vyake viwili. Mie nimeishi na unga begani tangu aliponioa.

Bi Tabu akanigeukia. "Chausiku, wewe huwa husemi, lakini najua husemi uongo. Mafuta ya bucha la nani?"

"Ya kitimoto," nikasema.

Nilisema polepole, lakini kwa bahati mbaya Mudathir alikuwa ndiyo kwanza ameizima mashine asafishe chekecheke. Foleni nzima ikasikia.

Bi Tabu akainuka, akachukua mchele wake, akaukumbatia. "Hitima ya mzee Salumu," akasema, "hitima ya mzee Salumu, Mudathir."

"Bibi, haijagusa unga, iko kwenye injini tu, injini iko mbali na..."

"Na mikono yako iko wapi?"

Mudathir akaitazama mikono yake. Wanawake wakaanza kuchukua ndoo zao mmoja mmoja. Mmoja akasema atatapika. Mwingine akauliza na ule unga wa wiki iliyopita je, tulishaula. Alibaki Polikarpo, fundi wa kuchonga vinyago.

"Basi nisagieni mie," akasema, "maana foleni imekwisha."

Jenipher alichukua ndoo zake zote. Alipofika karibu yangu akasimama.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kama anayo, "hukusema vile kwa ajili ya Mungu."

Akaenda zake.

Nyumbani Mudathir alikaa muda mrefu bila kula. "Ungeniambia mie kwanza," akasema. "Si mbele za watu."

"Na wewe ungeniambia mie kwanza. Si Jeni."

Akaisukuma sahani kando.

Ustadhi Talha wa madrasa alikuja kutazama. Alizunguka mashine, akauliza mafuta yanapita wapi na unga unapita wapi, akasema unga haukuguswa, watu waondoe wasiwasi. Lakini dizeli ile imwagwe, na kila kilichoshika mafuta yale, pipa, ndoo, mti, mikono yetu, kioshwe mara saba, moja kwa maji ya udongo. Bi Tabu naye akasema pipa likiwa safi ataurudisha mchele wake, na wote tulijua kwamba akirudi Bi Tabu watarudi wote, na asiporudi tutaiuza mashine kwa chuma chakavu.

Nilikataa kusaidiwa. Nilichota udongo mwekundu nyuma ya ua, nikausugua ndani ya pipa mpaka vidole vikachubuka, nikasuuza, nikarudia. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Kila maji yaliyotoka niliona yanatoka na sauti yake, na kitenge chake, na kile kicheko. Mara ya saba pipa lilikuwa jipya. Lilikuwa langu.

Sikutaka kungoja hata jua lilikaushe. Mudathir alikwishapata mafuta ya chipsi kwa shida, nikayamimina humohumo, nikatia moto wa kiasi chetu cha zamani, ule wa kabla ya Jenipher. Mudathir akamimina dawa. Nikakoroga. Alikuwa amesimama karibu yangu na hakuna mtu mwingine nyuma pale, na nikangoja aniambie jambo.

"Mbona yanakuwa mazito?" akasema.

Yalikuwa yanavuta mti. Nikakoroga kwa nguvu, yakazidi, yakatoa povu, yakageuka kama uji wa mgonjwa. Mudathir akachovya kijiti, akakinusa, akakisugua kwenye maji. Kikatoa povu.

"Sabuni," akasema. "Pipa zima limekuwa sabuni." Akachuchumaa. "Pipa lilikuwa na maji, Chausi. Jeni alikuwaga anayachemsha kwanza mpaka yaache kulia. Lakini sijui anayaacha kwa muda gani, wala anajuaje. Sikuwahi kumuuliza." Akasimama. "Itabidi nipite kwake."

Akaingia ndani. Nikamfuata. Alikuwa anabadilisha shati.

"Kumuuliza mtu habari ya mafuta," nikasema, "shati la nini?"

"Hili lina sabuni."

"Kaa. Nitakwenda mie."

"Wewe? Utasema nini?"

Sikujua. Lakini nilijua kwamba mmoja wetu lazima aende, au mashine ife, na kwamba nikikaa nyumbani nikimsubiri arudi kutoka kwake nitapata wazimu. Nikachukua mtandio nikatoka.

Jenipher alikuwa anakata viazi. Aliniona kwa mbali, akaendelea kukata hadi nikafika, na nilipofika akaendelea pia. Palikuwa na wateja wawili, kwa hiyo nikasimama. Wakaondoka, nikaendelea kusimama.

"Mumeo kakutuma," akasema.

"Nimejituma."

"Haya. Sema."

"Pipa limekuwa sabuni."

Akacheka, hakujizuia. "Mliliosha mkapikia humohumo."

"Mara saba."

"Mara saba." Akapangusa machozi kwa mgongo wa mkono wenye kisu. "Mwambie aje mwenyewe nimweleze."

"Haji," nikasema. "Nieleze mie."

Sikujua kama nina sauti hiyo. Akaweka kisu chini akanitazama vizuri, kuanzia mtandio hadi ndala. Kisha akatupa kipande cha kiazi kwenye karai lake la mafuta.

"Sikiliza hapa," akasema. "Unasikia yanavyopiga kelele? Hayo ni maji yanatoka. Pipa lako likaushe juani mpaka ukilipangusa kitambaa kitoke kikavu. Mafuta weka moto mkubwa, yatalia hivi, yatalia, yatachoka. Yakinyamaza kabisa usiyaamini, ongeza kuni kidogo tena. Yakikaa kimya hapo ndiyo toa moto, yapoe mpaka mkono uvumilie karibu na pipa, ndipo amimine. Umeelewa?"

"Nimeelewa dada."

"Rudia."

Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa, akanifungia samaki kwenye gazeti kama zamani, nikapokea maana sikujua namna ya kukataa. Nilikuwa nimeshageuka aliposema, "Na mie mumeo simtaki, kama ndiyo ishu. Mwanamume gani ana miguu myembamba vile."

Nilimshukuru. Kweli nilimshukuru, nikatembea mpaka kwenye duka la vifaa nikiwa mwepesi kabisa. Pale dukani nikasimama.

Mashineni Mudathir huvaa suruali ndefu na mabuti, kwa sababu ya kostiki. Hata siku ya joto. Miguu yake kaiona wapi?

Niliwaza njia yote iliyobaki. Niliwaza Tegeta, niliwaza kama Mudathir aliwahi kwenda naye huko kufuata ndoo, niliwaza banda la Gervas lina vyumba vingapi.

Nilipofika, Mudathir alikuwa amekaa barazani kwa mbele, upande wa barabara, amejifunga msuli, ameukunja hadi juu ya magoti, miguu yake myembamba iko nje, anapigwa upepo. Bi Tabu alikuwa anapita, wakasalimiana. Watoto wanaotoka kisimani wakapita. Mwendesha bodaboda akampungia mkono.

"Amesemaje?" akauliza.

"Teremsha msuli."

"Kuna nini?"

"Teremsha tu."

Akauteremsha, ananitazama. Nikampa samaki, nikaenda nyuma kulilaza pipa juani.