Zamu ya Mandolini

Sindano iliteleza ukingoni mwa santuri, ikakwaruza mpira wa gramafoni, ikanyamaza. Dewey Bolling aliinua mkono wa gramafoni kwa ncha ya kidole, akaurudisha pale pale. Mlio mfupi ukasikika, kama wa panya aliyekanyagwa, kisha sindano ikaanguka tena.

“Imekufa, Mwalimu,” alisema.

“Jaribu tena.”

“Nimeshajaribu vya kutosha. Mifuo imelika yote. Hii si santuri tena, ni sinia.”

“Sikutoka kwangu asubuhi yote hii kukuletea sinia, Dewey. Jaribu tena.”

Alijaribu, kwa kuwa nilimfundisha alipokuwa darasa la sita, na hadi leo huziogopa nyusi zangu. Sindano ikaanguka. Nje, lori la makaa ya mawe lilipita likizitikisa santuri zake maelfu kwenye rafu, na kwa kitambo duka zima likawa kama linacheka chinichini.

Ilikuwa kiangazi cha 1988, pale Coeburn, mji wetu mdogo wa wachimba makaa milimani. Nyuma ya kaunta, Dewey alikuwa amebandika mchoro wa jiwe. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya tamasha letu la bluegrass, muziki wa nyuzi wa milima yetu, na kamati ilikuwa imeamua kusimamisha jiwe kando ya jukwaa, lichongwe majina ya Vijana wa Guest River, bendi ya kwanza ya bonde letu kutoa santuri. Hobart Rasnick, gitaa na uongozi. Kisha banjo, fidla, besi. Na mwisho, kwa herufi zilizonyooka vizuri: Curtis Kiser, mandolini.

Curtis Kiser hakuwahi kupiga mandolini maishani mwake. Aliyepiga ni mdogo wangu, Orlena.

“Mwalimu,” Dewey alisema kwa upole, akiirudisha ile santuri nyeusi kwenye mfuko wake wa karatasi, “mimi nataka kukuamini. Lakini siwezi kuchonga jiweni jambo ambalo sijalisikia kwa masikio yangu. Usiandike usichokithibitisha. Nani alinifundisha hivyo?”

Niliiacha santuri pale kauntani, nikachukua mkoba wangu nikatoka. Hakuna kinachochoma kama kupigwa kwa fimbo uliyoichonga mwenyewe.

*

Orlena alijifunza mandolini katika nyumba ya kampuni ya makaa, nyumba ya mbao nyembamba kiasi kwamba nyuzi zile nane zilikuwa zikilia chumbani kwangu kuliko chumbani kwake. Wimbo wake wa kwanza aliutunga akimsubiri baba yetu atoke mgodini. Aliuita “King’ora cha Saa Kumi.” Ulianza kwa utulivu, kama jioni yoyote, lakini katikati palikuwa na mahali ambapo vidole vyake vilishuka mbio kupita mdundo, kama mtu anayeteremka ngazi haraka aone ni nani aliyegonga mlango. Nilimwambia mara nyingi kwamba pale anaharakisha. Aliniambia niende nikasahihishe madaftari.

Hobart Rasnick alimsikia kwenye dansi moja, akamchukua. Kwa majira mazima Vijana wa Guest River walipiga redioni kila alfajiri, na Lena akiwa kijana wao wa tano. Katika muziki wetu kila chombo kina zamu yake, na kiongozi humwita mpigaji kwa jina kabla hajaingia, ili wasikilizaji wajue wamshangilie nani. Mama alikuwa akisimama mbele ya redio, mikono imejaa unga, akingoja jina la mwanawe.

Ndipo ikaja kampuni moja ya unga kuidhamini bendi. Wenye kampuni hiyo waliamini kwamba akina mama hawatanunua unga unaotangazwa na bendi ambayo mwanamke anazunguka nayo barabarani pamoja na wanaume. Ilipigwa picha. Curtis Kiser, dereva wao, mtu mpole mwenye uso mzuri na masikio yasiyojua tofauti ya wimbo na kengele, alivishwa kofia na kushikishwa mandolini ya dada yangu. Santuri ilipotoka, Orlena ndiye aliyepiga, lakini zamu yake ilipofika, sauti ya Hobart ilisikika wazi ikisema: “Ipige, Curtis!”

Orlena alirudi nyumbani, akaifunga mandolini katika kisanduku chake, akaenda kushona mashati kiwandani. Aliolewa, akalea, akafiwa. Vidole vikapinda kwa ugonjwa wa viungo. Kila aliposema kwamba aliyepiga ni yeye, watu walitabasamu. Wakati mmoja alilisema dukani kwa Dewey, mbele ya watu, na Dewey, ambaye kwa kawaida si mtu mbaya, akajibu: “Bibi Orlena, kila nyumba ya bonde hili ina shangazi aliyepiga kila kitu.” Walicheka. Tangu siku hiyo dada yangu alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele ya kioo cha duka lile.

Nilipostaafu, nikaamua kumtafutia ushahidi.

*

Santuri za Vijana wa Guest River hazikuwa zikichapishwa tena, na kampuni iliyozitoa ilikuwa imekwisha kufa. Nilizitafuta minadani, katika ghala zenye harufu ya tumbaku, katika masanduku yaliyolowa chini ya meza za wauza vikorokoro. Nilikuta nyimbo za injili kwa mamia na kiota kimoja cha nyigu. Mwishowe, katika nyumba ya marehemu mmoja kule mji wa Pound, chini ya lundo la mapazia, niliipata: “King’ora cha Saa Kumi,” nzima, haina hata ufa.

Niliipeleka kwa Dewey nikiwa nimevaa kofia yangu ya kanisani. Akaiweka. Muziki ukatoka, safi kama maji ya kisimani, na mimi nikahesabu moyoni hadi zamu ya mandolini.

“Ipige, Curtis!”

Nilikuwa nimelisahau jina lile. Hapana: nilikuwa nimejizoeza kutolisikia. Nilisafiri milima yote ile kwenda kuchimbua ushahidi dhidi ya dada yangu mwenyewe, nikauweka juu ya kaunta kwa mikono yangu, nikauacha pale. Dewey hakutabasamu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Palikuwa pamebaki mlango mmoja ambao sikuwa nimeubisha. Curtis alikuwa amefariki, lakini mjane wake, Maxie, aliishi bado upande wa juu wa kijito.

“Ingia, Ardith,” aliniambia, “usisimame hapo kama mkusanya kodi.” Alinikatia kipande cha keki ya matufaha kilichotosha watu watatu, akanitazama nikila. “Umekuja kwa ajili ya Lena. Nilikuwa nikijiuliza utakuja lini. Kumbe walimu nao huchelewa.”

Curtis alikuwa ameingia kanisa la Wabatisti wa kale, ambako hakuna chombo kinachoruhusiwa ibadani isipokuwa koo. Siku aliyobatizwa mtoni, Maxie alisema, alirudi nyumbani nywele zikiwa bado mbichi, akazitoa santuri kabatini, akazivunja gotini moja moja kama kuni.

“Watu wakasema ameuchukia muziki. Wapi! Yule mtu aliimba hata akilala. Aliniambia, ‘Maxie, hizi zinanisifu kwa kazi ya mtu mwingine, nami nimezeeka nazo ndani ya nyumba.’ Akafika kwenye hii ya mwisho, akaitazama, akairudisha kabatini. ‘Hii,’ akasema, ‘haisemi uongo juu yangu.’”

Akaniletea mfuko wa karatasi. Ndani yake palikuwa na sahani ya aluminiamu iliyopakwa lakiri nyeusi, si santuri ya dukani bali ya redio, ya aina waliyochonga wenyewe ili kipindi kirushwe wakati bendi iko safarini. Curtis alikuwa ametumwa airudishe stesheni, na hakuirudisha. Lebo yake ilikuwa imebanduka kwa unyevu.

“Umewahi kuisikiliza?” niliuliza.

“Kwa gramafoni ipi, mama? Hii ni nyumba ya mzee wa kanisa!”

Hiyo ndiyo santuri ambayo Dewey aliiita sinia.

*

Nilimkuta Orlena barazani, bakuli la maharagwe mabichi mapajani, akiyavunja polepole kwa vidole vyake vilivyopinda. Nilikaa. Nilimweleza habari zote, Maxie na Curtis na santuri zilizovunjwa gotini. Aliposikia maneno ya Curtis alivunja haragwe moja, akalitupa bakulini.

“Alikuwa mtu mwema,” alisema. “Mjinga, lakini mwema. Sasa mbona umenuna?”

“Kwa sababu imekufa, Lena. Dewey ameijaribu. Sindano haishiki. Inateleza na kuanguka.”

“Inaangukia wapi?”

“Nje, ukingoni.”

Mkono wake ukasimama juu ya bakuli. “Na yeye aliiweka wapi?”

“Ukingoni, Lena. Santuri huanzia wapi kwingine?”

Dada yangu aliweka bakuli chini. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika nguzo ya baraza, hadi akajipangusa macho kwa aproni, na mimi nikaona, nyuma ya mikunjo yote, yule msichana wa nyumba ya mbao.

“Duka zima la santuri!” alisema. “Maelfu na maelfu! Nipe viatu vyangu, dada. Vile vizuri.”

Njiani alinieleza. Fundi wa redio, alipokuwa akichonga zile sahani, hakuanzia nje. Alianzia katikati, akaenda nje. Sindano yake ilichonga lakiri ikatoa uzi mweusi mwembamba kama nywele, na uzi huo ukijiviringisha mbele ya sindano, kipindi chote kimeharibika. Kwa kuanzia katikati, uzi ulibaki nyuma, mahali palipokwisha kuchongwa. Bado alihitaji mtu wa kuusogeza kwa brashi laini, na mtu huyo, wakati wengine walipokuwa wakitangaza unga na viatu, alikuwa ni Orlena.

“Kisha zamu yangu ikifika,” alisema, “namtupia brashi Curtis.”

*

Dewey alipomwona akiingia alivua kofia. Dada yangu hakumsalimu. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye gramafoni, akaelekeza kidole chake kilichopinda.

“Katikati,” alisema. “Karibu na mahali pa lebo. Kisha uondoe mkono.”

“Bibi Orlena, haiwezi...”

“Dewey Bolling,” nilisema mimi.

Akaiweka katikati. Mkono wa gramafoni ukasita. Kisha, taratibu, ukaanza kutembea kuelekea nje, kama mtu anayetoka nyumbani kwake mwenyewe. Mvumo ukasikika. Kikohozi cha mtu. Na sauti ya Hobart, changa, yenye usingizi wa alfajiri, ikiwaamkia watu wa bonde na kuwataka wakatie moto majiko yao.

Kisha bendi ikaingia. Fidla. Banjo. Nilitazama uso wa dada yangu, na uso wake haukuonyesha kitu. Ni vidole tu vilivyokuwa vikisogea juu ya aproni, kila kimoja kikitafuta mahali pake.

“Ipige, Lena!” Hobart alipaza sauti. “Mwamshe hata jogoo, binti! Orlena Stallard huyo, jamani!”

Na mandolini ikaja. Sijui niieleze vipi. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha katika nyumba iliyofungwa kwa miaka mingi, na nje ikawa bado ni ile ile asubuhi. Ilipofika pale katikati, ikashuka ngazi mbio kwenda kumfungulia baba mlango.

Dewey hakungoja iishe. Alikimbilia ile santuri niliyoipata Pound, akaiweka kwenye gramafoni ya pili, akaipeleka sindano hadi zamu ya mandolini. “Ipige, Curtis!” Nyuzi zile zile. Mkono ule ule. Ngazi ile ile, mbio zile zile. Alisimama katikati ya sauti mbili za dada yangu, mdomo wazi, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

“Bibi Orlena,” alisema hatimaye, “kwa nini hukuniambia?”

“Nimekuambia tangu ulipokuwa na nywele.”

Dewey alijipapasa upara, akashika penseli, akaenda kwenye mchoro wa jiwe. Aliandika jina la dada yangu juu ya lile la Curtis, kisha akatuuliza Curtis tumwekeje.

“Mwandike dereva,” alisema Orlena. “Aliendesha vizuri. Na usimwondoe.”

Dewey akairudisha sindano, na Orlena akaisikiliza zamu yake tena, kichwa kikiinama upande.

“Pale naharakisha,” alisema.

Sikusema neno. Nadhani hilo ndilo jambo gumu zaidi nililowahi kulifanya.

*

Jiwe lilifunuliwa mwishoni mwa Agosti. Maxie alikuja pia, sketi yake ndefu imepigwa pasi. Kwa kuwa ni mtu wa kanisa hakuingia uwanjani, bali aliegesha gari kando ya uzio, akateremsha vioo vyote vinne. Hotuba zikatolewa. Orlena hakutaka kusema lolote, wala hakwenda kulishika jiwe. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, mstari wa mbele, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

Kisha bendi ya vijana wa siku hizi ikapanda jukwaani kupiga “King’ora cha Saa Kumi.” Mandolini ilishikwa na Lonnie Sykes, dereva wa lori la makaa, jitu la ndevu nyekundu zilizofika kifuani. Fidla ikamaliza zamu yake. Kiongozi wa bendi akainamia kipaza sauti, akamtazama dada yangu, akapaza sauti hadi ng’ambo ya mto:

“Ipige, Lena!”

Uwanja mzima ukasimama. Na lile jitu la ndevu, likiwa limebeba jina la dada yangu bila haya yoyote, likainamisha kichwa na kupiga. Tangu siku hiyo, katika bonde letu, yeyote anayeupiga wimbo ule huitwa hivyo hivyo zamu yake inapofika, awe mwanamume au mwanamke, na hakuna aliyewahi kulikataa jina.

Lonnie alipofika pale katikati, vidole vyake vinene vilishuka ngazi mbio. Orlena aliniegemea, akaniwekea mdomo sikioni ili nimsikie katika kelele zile.

“Naye kaharakisha pale pale,” alisema, kwa kuridhika kabisa.