Escorte ya Ndani ya Mashini

Mashini ilisema camion ya Jephté, lori yake ya kabichi, iende Beni. Hulda, dada yake mukubwa mwenye anaangaliaka programu ya depo ya Butembo, alibakia kutazama lile neno IENDE na macho mazito. Basoda ya escorte, wenye kulindaka bacamion kwa njia, walikuwa hawayarudi. Na ile barabara, tangu hii vita ya pili, bila escorte ni kifo. Sasa mashini inaitika aje?

Akafungua code. Mathe, mwenye alikuwaka na hii kazi mbele yake, njo aliandika ile classe Camion, kipande ya code ya kupima kila camion, kisha akakimbilia Kampala, kazi ikabakia nusu. Mule, mustari moja: private boolean escorte, fasi ya kutia ndiyo ao hapana. Pembeni yake alama ya manjano: hakuna fasi inaitumia.

Kumbe!

"Papa Edmond, tusimamishe camion. Programu haijue mambo ya escorte."

Patron Edmond hakutosha hata sikio kwa phonie, ile radio ya kuongea na Beni. "Tangu lini unamupita Mathe? Alinionyesha. Neno escorte, nililiona na macho yangu!"

"Liko, mais hakuna mwenye analiuliza. Ni sawa mufuko ya ndani ya koti. Mathe alishona, hakutia kitu, hakutosha kitu. Na vile ni private, mutu wa inje hawezi kuingiza mukono."

"Usiguse. Ukiitosha, bacamion yangu itaenda bila kulindwa."

Hulda alichoka. Na vita, na moshi ya groupe ya kutosha courant, na kueleza. Inje, Jephté akawasha moteur, akapiga klaksoni vile anamuchokozaka tangu utoto.

Basi akafuta ule mustari.

"Mama yangu! Umefanya nini?"

Akafanya compilation, mashini ikasoma code yote upya. Hata kosa moja hapana. Akaingiza tena camion ya Jephté. IENDE.

"Umeona, Papa? Nimefukuza basoda yote, na mashini haikulia."

Edmond akatoka mbio, sandali imoja ikabakia chini ya meza. "Jephté! Zima! Zima moteur!"

Jephté akaingia na kasirani. "Yaya, choux yangu itaoza!"

"Ioze," Hulda akamujibu.

Edmond akarudi anahema. "Rudisha basi ile escorte."

"Hapana, Papa. Kwanza tuandike fasi ya kuiuliza," Hulda akasema, akalaza kichwa pembeni ya clavier, ile ya kuandikia. "Na kwanza kabisa, muniachie nifunge macho kidogo."