Kibaba cha Bibi

"Simezi," bibi alisema, akakisukuma kidonge cha presha hadi ukingoni mwa meza. "Vya wiki iliyopita havijaisha mwilini, leo niongeze kingine? Haba na haba hujaza kibaba, mke mwenzangu. Na kibaba chenyewe ni mimi."

Mjukuu wake, mwanafunzi wa hisabati wa mwaka wa kwanza, alicheka, kisha akakitazama kidonge. Tangu Jumapili bibi alikuwa hajagusa dawa, na asubuhi hiyo alipoinuka kitini alishika ukuta. Lakini swali lenyewe lilimkaa kichwani. Kweli kibaba hujaa?

Akageuza bahasha ya dawa, akaandika. Kila siku ipitayo hubaki sehemu fulani ya dawa, akaiita x. Akimeza kila siku, cha leo ni 1, cha jana x, cha juzi x², na kuendelea bila mwisho. Jibu la mfululizo huo, alilolikariri darasani, akalitaja kwa sauti.

"Limetoka wapi?" bibi akauliza.

Mjukuu akakifunika cha leo kwa kidole, akatazama vilivyobaki.

"Bibi! Hivi vingine si vigeni. Ni lundo lilelile la jana, limezidishwa kwa x tu!" Basi lundo ni 1 kujumlisha x mara lundo. Akahamisha x mara lundo upande wa pili: lundo ni 1 ikigawanywa kwa 1 − x. "Mfamasia alisema hubaki robo. Hata umeze maisha yako yote, halivuki kidonge kimoja na theluthi!"

"Robo ya mwili wa nani?"

"Wa... watu."

"Figo zangu zimemzidi mama yako umri. Zikigoma kutoa chochote je?"

Akaweka x kuwa 1. Chini pakawa sifuri, hesabu ikakataa. Hapo kibaba hakina ukingo. Akampigia mfamasia, sauti ikisikika chumba kizima.

"Kwa vipimo vya figo zake, tunakadiria hubaki nusu," mfamasia alisema.

"Nusu... basi ni viwili," mjukuu akanong'ona.

"Na viwili vinaua?" bibi akadakia.

"Hata kidogo, mama. Dozi yako ilipangwa hivyo. Kinachotisha ni kuacha."

Bibi akakiokota kidonge, akakimeza kwa maji, akafuta midomo.

"Sasa nieleze. Hivyo vipande vidogo vya mwisho, visivyokwisha kupungua, vinakwenda wapi?"

Mjukuu akavuta kiti karibu, akaanza tena kuandika.